Karatasi Niliyoichana

Hapa Mukendo wengi wananifahamu kwa jina la Mwalimu tu. Nilistaafu mwaka 2009 nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, baada ya miaka karibu arobaini ya chaki na kengele. Nyumba yangu iko upande wa chini wa mlima, na jirani zangu wakubwa ni yale mawe ambayo kila mgeni wa Musoma huyashangaa. Mawe hayo huhifadhi joto la mchana mpaka usiku, kwa hiyo sisi wazee hupenda kukaa karibu nayo jioni, tukazungumza. Mara nyingi vijana hujiunga nasi, na swali lao huwa ni lile lile: kwa nini kizazi chenu kilikuwa na kiburi kiasi kile? Kwa nini mliwafukuza watu waliokuja kuwasaidia, wakati nchi haikuwa na kitu?

Mimi huwajibu kama nilivyokuwa nikijibu darasani, kwa majina na tarehe. Lakini kuna jibu jingine ambalo sijawahi kulitoa barazani. Linahusu karatasi moja niliyoichana kwa mikono yangu mwenyewe mwaka 1968, mbele ya wanafunzi wenzangu thelathini na kidogo, nao wakanipigia makofi.

Nianze na marehemu baba, maana bila yeye habari hii haina uzito. Baba alikuwa askari wa Keya. Waingereza walimchukua wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1944 akajikuta Burma, katika bonde la Kabaw, pamoja na vijana wengi wa Afrika Mashariki ambao hawakuwahi kumwona Mjapani wala kugombana naye. Alitusimulia kwamba mvua ya huko haikuwa kama masika yetu. Ilinyesha wiki nzima bila kupumua, barabara zikawa uji, malori yakazama mpaka kwenye milango. Chakula kikawa kinaangushwa kwa ndege. Walilala na njaa, kisha alfajiri wakasikia ngurumo juu ya mawingu, na makasha yakashuka kwa miavuli: nyama ya makopo, biskuti ngumu kama vigae, sukari, sigara. Ndege nyingine zilikuwa za Waingereza, nyingine za Wamarekani. Sidhani kama baba aliweza kuzitofautisha, lakini alishikilia mpaka kufa kwake kwamba zilizomlisha yeye zilikuwa za Wamarekani. Alirudi Musoma mwaka 1946 na koti la jeshi na homa ambayo haikumwacha, akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini Mwigobero. Mimi nilizaliwa mwaka 1949.

Habari za kudai Uhuru zimeandikwa na wengi, sitazirudia. Nitaje tu kwamba Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1946, na kwa sababu hiyo Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York mwezi Machi 1955, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini na kueleza madai ya TANU. Katika baraza lile walikaa Wamarekani na Warusi, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Na aliyesimama mbele yao alikuwa mtu wa Butiama, mwendo wa kilometa arobaini hivi kutoka hapa, aliyeanza shule hapa hapa mjini, Mwisenge, mwaka 1934. Kwa sisi wa Mara jambo hili halikuwa dogo. Baba, ambaye alikuwa amemzidi umri kidogo, hakumwita Mwalimu wala Rais. Alimwita mtoto wa Burito, kwa jina la baba yake, Chifu Burito. Hakukuwa na dharau ndani yake. Ndivyo mtu anavyomwita kijana wa jirani aliyefanikiwa.

Usiku wa tarehe 9 Desemba 1961 baba alivaa lile koti la Burma, na kulipokucha akashinda nalo siku nzima kwenye jua la Desemba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani mambo yamekwisha. Bendera imepanda, basi. Kumbe tulikuwa tumeingia katika dunia iliyokwisha kugawanywa, na kila upande ulikuwa na orodha ya marafiki na orodha ya maadui, ukitutaka tuandike jina letu.

Habari ya Wajerumani ndiyo niliyowafundisha wanafunzi wangu mara nyingi zaidi, kwa sababu inaonyesha mchezo wote kwa udogo wake. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na serikali mpya ya visiwani ikaitambua Ujerumani Mashariki, ambayo ilileta wataalamu na kujenga nyumba za ghorofa. Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa na kanuni yake, iliyojulikana kwa jina la Hallstein: nchi itakayowatambua wale wa Mashariki itapoteza urafiki wa Magharibi. Ulipokuja Muungano tarehe 26 Aprili 1964, kanuni hiyo ikawa mwiba ndani ya nyumba mpya. Zanzibar kulikuwa na ubalozi wa Mashariki, Dar es Salaam kulikuwa na wa Magharibi. Mwalimu akatafuta njia ya katikati: Mashariki wafungue ofisi ya konseli Dar es Salaam, lakini bila kutambuliwa kuwa ni dola. Mwanzoni mwa mwaka 1965 Magharibi wakajibu kwa kuwaondoa ghafla wataalamu waliokuwa wakifundisha kikosi chetu cha ndege. Walidhani tutatishika na kurudi nyuma. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine yote ya serikali yao, waende nayo.

Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Nakumbuka nilivyorudi likizo nikiwa nimejaa habari hiyo, nikamweleza baba kana kwamba mimi ndiye niliyewajibu Wajerumani.

Baba aliniangalia. “Huyu mtoto wa Burito,” akasema, “atatulisha mawe ya Mukendo.”

Nikamwambia, “Baba, msaada ule una kamba. Ukila, unavutwa.”

“Wewe umewahi kulala na njaa porini?”

“La, baba.”

“Basi nyamaza.”

Mwaka ule wa 1965 ulikuwa mwaka wa kukataa. Mwezi Januari maofisa wawili wa ubalozi wa Marekani walifukuzwa kwa tuhuma za kula njama. Miezi michache kabla ya hapo, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Oscar Kambona, alikuwa ametangaza kupatikana kwa barua za njama ya nchi za Magharibi, barua ambazo baadaye zilionekana kuwa za kughushi, ingawa hilo wengi wetu hatukuambiwa kwa sauti kubwa kama tulivyoambiwa lile la kwanza. Tarehe 11 Novemba walowezi wa Rodesia wakajitangazia uhuru wao. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaamua kwamba Uingereza isipowazima kufikia tarehe 15 Desemba, wanachama wavunje nayo uhusiano. Siku ilipofika, nchi nyingi zilikohoa na kuangalia pembeni. Tanzania ilivunja, pamoja na nyingine chache, na mkopo wa paundi milioni 7.5 uliokuwa karibu kutolewa ukazuiliwa. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika hesabu za mipango yetu ya maendeleo. Unapovunja uhusiano kwa ajili ya haki ya watu wa Salisbury, kuna mtu mahali fulani Tarime au Newala ambaye kisima chake hakitachimbwa, na yeye hakuulizwa.

Hata hivyo mimi naamini mpaka leo kwamba Mwalimu alikuwa sahihi, hasa kwa Wajerumani. Nchi inayoambiwa ni nani apangishwe chumba ndani ya nyumba yake haijapata uhuru, imepata bendera. Lakini ni lazima niseme pia kwamba hatukukataa kila kitu, kama vijana wanavyodhani. Tulikuwa hodari wa kupokea. Wachina walitukopesha bila riba fedha za kujenga reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, baada ya wakubwa wa Magharibi kusema haina faida. Nchi za Skandinavia zilikuwa zimekwisha kuanzisha kituo cha elimu Kibaha. Wakanada walichukua kazi ya kufundisha kikosi cha ndege pale Wajerumani walipoiacha. Kufikia miaka ya 1970 sisi wa kujitegemea tulikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi kuliko nyingine. Hilo lilinichekesha nilipolisoma, kisha likanikera, kwa sababu ya ile karatasi.

Shuleni kwetu kulikuwa na Mmarekani mmoja, kijana wa Peace Corps, ambao sisi tuliwaita Pisikoo. Alifika mwaka 1967 kutufundisha hesabu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye haya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni lakini hakuogopa kukosea. Alikula ugali wa muhogo na furu kama sisi. Sijawahi kumwona mwalimu mwingine aliyeweza kumfanya mvulana apende logarithimu, nami nimekaa na walimu maisha yangu yote. Alituambia kwamba ana ndugu yake mkubwa aliyepelekwa Vietnam. Alisema mara moja tu, wala hakurudia.

Mwezi Oktoba mwaka ule wa 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, kuliunga mkono Azimio. Safari ya zaidi ya kilometa mia mbili. Sisi wanafunzi tulipewa ruhusa ya kufuatana na msafara kipande cha njia kuelekea Bunda. Vumbi, nyimbo, ngoma, akina mama wakitandika khanga barabarani. Nilimwona Mwalimu kwa umbali wa kama hatua ishirini, na fimbo yake, akitembea upesi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima na jioni miguu yangu ilikuwa imechubuka vibaya. Yule Mmarekani alikuwa amekuja nyuma kwa baiskeli akiwa na mkoba wa dawa. Alipiga magoti vumbini, akaiosha miguu yangu, akaipaka dawa na kuifunga. Watu walitutazama. Nakumbuka kwamba niliona aibu, na wala haikuwa aibu ya vidonda.

Mwaka uliofuata, tukiwa karibu na ule mtihani ambao watu waliendelea kuuita wa Cambridge, aliniita ofisini akanipa fomu. Ilikuwa ya chuo kimoja katika jimbo lake. Sehemu yake alikuwa amekwisha kuijaza kwa mwandiko wake mdogo. Wazazi wake wangenipokea nyumbani kwao; ilibaki sahihi yangu na ya baba. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, na kwa siku tatu nilitembea nayo kama mtu aliyeficha yai.

Tawi letu la Umoja wa Vijana wa TANU lilikuwa na mkutano kila Jumamosi. Mwaka ule mazungumzo yalikuwa ya moto. Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi Aprili, Vietnam ilikuwa ikiungua, na magazeti yaliuliza kila mara hawa Pisikoo wametumwa na nani. Sijui nani aliiona ile fomu. Mwenzangu mmoja alisimama akasema kuna mwanafunzi wa Kidato cha Nne yuko njiani kununuliwa. Hakutaja jina, lakini shingo zote ziligeuka kwangu. Basi nikasimama. Nikaitoa karatasi mfukoni, nikasema kwamba nchi yangu imemkatalia Mjerumani, imemkatalia Mwingereza, na mimi siwezi kuwa mdogo kuliko nchi yangu. Nikaichana vipande viwili, kisha vinne. Makofi yalikuwa mengi. Sijapata makofi kama yale tena.

Alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kufunga madirisha, maana wiki ile zamu ilikuwa yake. Alitazama vile vipande sakafuni, akaniangalia, akasema neno moja la Kiswahili: “Sawa.” Jumatatu alitufundisha kama kawaida. Aliondoka mwezi Desemba, na kufikia mwaka 1969 Pisikoo wote walikuwa wameondoka nchini. Siku nilipokuwa nafunga sanduku langu nilikuta juu ya kitanda atlasi yake, kubwa, yenye jalada la bluu. Ukurasa wa kwanza aliandika jina lake na jina la mji wao, basi.

Nilimweleza baba mwenyewe, kwa kujisifu kidogo. Tulikuwa tumekaa nje, yeye akishona wavu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Huyo kijana alikutaka uiache nchi yako?”

“La, baba.”

“Alikutaka umpe nini?”

“Hakutaka kitu.”

“Uliniambia kamba. Ya Wajerumani niliiona, baadaye, ulipokuwa umenieleza vizuri. Ya huyu ilikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Akashona fundo moja, akashona la pili.

“Ulimwambia asante?”

Nikanyamaza. Baba hakunigombeza wala hakuniuliza tena, si mwaka ule, si miaka yote iliyofuata. Ningefurahi kama angenigombeza.

Nilikwenda chuo cha ualimu mwaka 1969, na mwaka 1971 nikaanza kazi. Sitaki msomaji adhani kwamba najililia. Kazi ya ualimu niliipenda, na wakati wake ulikuwa mzito. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa hapa Musoma, ikatoa Azimio la Musoma: kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi ya shule ya msingi kufikia mwaka 1977. Walimu hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundisha huku wakifundishwa. Wengine walicheka. Mimi niliwaongoza baadhi ya vijana hao na sikucheka, maana watoto walioandikishwa walikuwa karibu milioni 1.2 mwaka ule, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Wakoloni, Wajerumani na Waingereza kwa pamoja, walikuwa na zaidi ya miaka sabini na hawakuifikia hata nusu ya hesabu hiyo. Kwamba wakati huo huo watu wa vijiji vyetu vya Mara walikuwa wakihamishwa kwa nguvu, na nyumba nyingine kubomolewa, hilo nalo nililiona, nalo lina mahali pake.

Azimio hilo lilitolewa katikati ya njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana, bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973, na nchi ilinunua na kuomba nafaka ng'ambo. Shuleni kwetu tulipata mafuta ya kula katika makopo ya bati, na juu ya kila kopo kulikuwa na picha ya mikono miwili iliyoshikana na maneno ya Kiingereza kwamba ni zawadi ya watu wa Marekani, isiuzwe. Makopo yalipokwisha tuliyafanya vipimo vya uji na ya kuchotea maji. Siku moja mwaka 1975 nilikuwa nafundisha siasa, darasa la sita, habari ya kutofungamana na upande wowote. Nilieleza kanuni ya Hallstein, nilieleza Rodesia, nilikuwa nimepamba moto. Msichana mmoja wa mbele akanyosha mkono. Kopo lilikuwa dirishani.

“Mwalimu, ile mikono miwili. Wetu ni upi?”

Darasa likacheka. Mimi nikadhani ananifanyia mzaha, nikamwamuru apige magoti mpaka kipindi kiishe. Alipiga magoti, macho yake yakabaki kwenye lile kopo, kama mtu ambaye bado anangoja kujibiwa. Nimewaadhibu watoto wengi kwa haki na wachache kwa kuonea, na katika hao wachache yeye ndiye ninayemkumbuka, kwa kuwa swali lake lilikuwa kwa kweli swali la baba, ila yeye aliliuliza kwa picha.

Ziliingia nyakati ngumu zaidi. Baada ya vita vya Kagera hazina ilikuwa tupu. Serikali ilikuwa imegombana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa miaka kadhaa Mwalimu alikataa masharti yao ya kushusha thamani ya shilingi na kupunguza huduma. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo. Chaki zilipokosekana tulikata mihogo mikavu tukaandikia. Sabuni ilikuwa habari ya kuulizana njiani. Tulikula ule unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, ambao watu waliuita yanga, nami ndiye niliyetia sahihi kwamba shule imepokea magunia. Niliweka sahihi ile kwa mkono ule ule, wala hakuna aliyenipigia makofi wala kunizomea. Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na Shirika hilo. Sabuni ikarudi madukani. Michango ya shule nayo ikaongezeka, na nikaanza kuwaona watoto wakibaki nyumbani kwa kukosa fedha, jambo ambalo Azimio la Musoma lilikuwa limelipiga marufuku katika mji huu huu. Kwa hiyo ile kamba ipo. Nimeiona kwa macho, ikiwa imefungwa kwenye mguu wa mtoto wa darasa la tatu. Sitaki kijana yeyote wa barazani aniambie kwamba tuliiota ndotoni.

Lakini nchi ilikuwa ikijadiliana na dola. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kijana wa miaka ishirini na mitatu au minne. Leo najua kwamba vijana wengi wa umri wake walikuja huku kwa sababu jeshi lilikuwa likiwasubiri kwao. Ndugu yake alikuwa Vietnam kama baba yangu alivyokuwa Burma. Tembo walikuwa wakipigana, na yeye alikuwa nyasi kama mimi, ila nilimwona kuwa ni tembo kwa sababu ya rangi yake na pasipoti yake.

Baba alifariki mwaka 1988. Koti la Burma tulimfunika nalo usiku wa msiba, kisha nikalichukua mimi.

Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 hospitalini London, katika nchi ile ile aliyovunja nayo uhusiano mwaka 1965, na sikusikia mtu yeyote hapa Musoma akiona hilo ni ajabu. Walimhudumia, tukawashukuru. Tarehe 23 tulimzika Butiama. Nilikwenda kwa lori pamoja na walimu wenzangu. Nilirudi usiku, nikaitoa ile atlasi, nikaandika barua kwa Kiingereza kwenda kwenye ule mji ulioandikwa ukurasa wa kwanza. Haikuwa ndefu. Nilimweleza kwamba nilikuwa mwalimu, kwamba nimefundisha logarithimu kwa njia yake kila nilipopata mwanafunzi wa kumfundisha, kwamba miguu yangu ilipona. Neno la asante niliweka mwanzoni, nikalirudia mwishoni, maana niliogopa asije akaacha kusoma katikati.

Barua ilirudi baada ya miezi mitano, ikiwa na muhuri wa posta wa kueleza kwamba mwenye jina hilo hapatikani hapo. Sikuifungua. Imo ndani ya atlasi, kwenye ramani ya Afrika, ambako Tanganyika bado imepakwa rangi ya Waingereza.

Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo kikuu. Amejaza maombi ya ufadhili wa kwenda China, mwezi uliopita aliniletea nisome barua yake, nikaisahihisha nukta mbili nikamrudishia. Yeye ndiye niliyemsimulia habari hii kabla ya kuiandika. Anasema siku hizi hakuna mtu anayepotea, nimpe tu jina kamili la yule mwalimu na jina la mji, aliingize kwenye simu, na kabla uji haujapoa atajua kama yu hai. Atlasi iko pale rafuni, naye anajua ilipo. Kila akija likizo huniuliza kama niko tayari, nami humwambia anywe uji kwanza.